Re: Bondi ya miaka mitatu imeisha, naachaje kazi bila kudaiwa?
Mkuu, bondi (makubaliano ya kubaki kwa mwajiri kwa muda fulani, mfano baada ya kukulipia masomo) kuisha hakufuti mkataba wa ajira. Notisi bado unadaiwa. Kwanza hakiki tarehe kwenye bondi yenyewe. Nyingi za masomo huanza kuhesabu siku uliyoripoti kazini baada ya kusoma, si siku uliyosaini, na likizo bila malipo huenda isihesabiwe. Hapo ndipo wengi hunasa: anatoka wiki mbili kabla, anadaiwa ada ya masomo aliyolipiwa.

Kisha barua fupi: tarehe, kifungu cha notisi, siku ya mwisho kazini. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Endelea kwenda kazini hadi notisi iishe, la sivyo utaitwa mtoro. Kabidhi vifaa kwa maandishi, na udai barua ya kuthibitisha bondi imekamilika (hii wengi huisahau).