Maswali ya Wasomaji: PS na kompyuta, kipi kinaingiliana na kipi hakiingiliani

Swali: Nina banda la gemu Chang'ombe, PS4 mbili na TV mbili. Fundi ananiambia PS4 ndani ni kompyuta tu, na kwamba nikinunua kompyuta za mtumba za ofisini nitachezesha gemu zilezile kwa bei nafuu. Kama ni kitu kimoja, mbona CD ya PS4 haisomi kwenye kompyuta? Na kwa nini makampuni yasiunganishe vyote, mtu akanunua gemu mara moja tu?
*Mwenye banda, Dodoma*

Jibu: Kwa upande wa vyuma, fundi wako yuko sahihi. PS4 na mshindani wake wa Microsoft, Xbox One, zilitoka 2013 zikiwa na prosesa ya AMD ya jamii ya x86, jamii ileile ya kompyuta za Windows, na PS5 na Xbox Series za 2020 zimefuata njia hiyohiyo. Xbox ya kwanza kabisa, ya 2001, ilitumia Pentium III ya megahezi 733. Aliyekwenda kivyake zaidi ni PS3 na prosesa yake ya Cell, na watengenezaji wa gemu walihenya nayo kwelikweli. Kwa hiyo vyuma vilishaungana zamani.

Kilichobaki kutenganisha ni programu na kufuli. CD ya PS4 ni Blu-ray, wakati kompyuta nyingi za mtumba zina draivu ya DVD, kama zina draivu kabisa. Hata ukifunga draivu ya Blu-ray hutapata kitu, kwa sababu yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo ambao PS4 pekee inao. Na gemu yenyewe imeandikwa kwa ajili ya mfumo wa PS4, uliotokana na FreeBSD, mfumo endeshi mwingine kabisa. Windows haiuelewi.

Kuna tofauti nyingine ambayo fundi hakukutajia, nayo ndiyo itakayokuumiza mfukoni. PS4 ina GB 8 za kumbukumbu ya GDDR5 zinazotumiwa kwa pamoja na prosesa na sehemu ya picha, zikipitisha GB 176 kwa sekunde. Kompyuta ya ofisini yenye RAM mbili za DDR3-1600 hupitisha GB 25.6. Prosesa yake, tuseme Core i5 ya kizazi cha nne, inaishinda ya PS4 bila shida. Lakini bila kadi ya picha ya pembeni, mpira utaganda kila kona inapopigwa.

Kwa hiyo bei ya kompyuta ihesabu pamoja na kadi. Kwa kompyuta za aina hiyo tunapendekeza GTX 1050 Ti ya GB 4, kwa sababu inakula wati 75 tu na huzipata zote kwenye sloti, bila waya wa ziada kutoka pawasaplai. Pawasaplai za kompyuta za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Pima kasha kabla ya kulipa: yale membamba hayapokei kadi ya kawaida, yanataka ile fupi yenye bati fupi la nyuma. Na RAM chukua mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8, maana moja peke yake inapunguza upitishaji kwa nusu.

Sasa njoo kwenye gemu zenyewe, hasa mpira, ambao bila shaka ndio unaolipa kodi ya banda lako. FIFA 22 ya kompyuta ni ya kizazi cha PS4. FIFA 23 ya kompyuta ikahamia kizazi cha PS5, na ndiyo maana mwenye PS4 hawezi kucheza mtandaoni na mwenye kompyuta ingawa jina la gemu ni moja. Inataka nafasi ya GB 100. Kwa bando la simu, hesabu hiyo ifanye mwenyewe. CD ya PS4 unainunua kwa mtu, unaibadilisha na banda la jirani, na ukiichoka unaiuza. Gemu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, imefungwa kwenye akaunti, na nakala moja haichezwi kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Ushauri wetu: baki na PS4 kwa ajili ya mpira. Kompyuta ongeza moja tu, kama una wateja wa gemu za kibodi na mausi.

Kuhusu kuunganisha, sisi tuko upande wako nusu. Kununua mara moja kunawezekana: Microsoft inafanya hivyo tangu 2016 kwa baadhi ya gemu, unalipia moja na unaicheza kwenye Xbox na kwenye Windows. Sony, mwenye PlayStation, inazileta gemu zake kwenye kompyuta tangu 2020, ilipoanza na Horizon Zero Dawn, ila unalipa upya. Tena zimewahi kuja na masharti: Mei 2024 Helldivers 2 iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zisizo na huduma rasmi ya akaunti za PlayStation, na Tanzania ni mojawapo. Masharti ya namna hiyo ndiyo tungependa yaondoke kabla ya jingine lolote.

Lakini konsoli, yaani mashine za gemu kama PS na Xbox, kuwa kompyuta kamili, hapana. Mtengenezaji wa gemu anapojua kwamba kila PS4 ni sawa na nyingine, anaibana mpaka tone la mwisho. God of War Ragnarök ya 2022 inacheza kwenye PS4 ya 2013. Kompyuta ya 2013 ambayo haijabadilishwa kadi haithubutu.

Swali: Pedi ya PS4 inakubali kwenye laptopu? Nikichomeka waya inachaji tu.
*Mwanafunzi, UDOM*

Jibu: Inakubali. Huenda waya wako ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data. Tafuta mwingine wa micro-USB uliowahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu. Au tumia Bluetooth: shikilia PS na Share pamoja mpaka taa imulike harakaharaka, kisha itafute kwenye laptopu. Steam inaitambua yenyewe ukiiruhusu kwenye mipangilio ya pedi. Kwa gemu zilizo nje ya Steam weka DS4Windows, kwa sababu gemu nyingi za Windows zinaijua pedi ya Xbox tu, na programu hiyo huifanya ya PS4 ionekane kama hiyo. Usiwashe vyote viwili kwa pamoja, utabonyeza mara moja na gemu isikie mara mbili.

Swali: PS4 ya mteja hadidiski imekufa. Naweza kuweka ya laptopu? Ninayo pia ya PS4 nyingine iliyoungua bodi, imejaa gemu.
*Fundi, Manyoni*

Jibu: Ya laptopu ndiyo inayotakiwa: SATA ya inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5. Baadhi ya zile za TB 2 zina milimita 15 na haziingii. Ile yenye gemu itatumika kama diski tupu tu, kwa kuwa kila PS4 hufunga data kwa ufunguo wake. Gemu zilizomo zihesabu zimepotea. Draivu ya CD nayo ni hivyohivyo: bodi yake imeoanishwa na bodi kuu, kwa hiyo ukibadilisha, hamisha bodi ya asili.

Kwenye PS4 Slim, toleo jembamba, vuta kifuniko cha kona ya nyuma, fungua skrubu moja, toa kitoroli, kisha skrubu nne za diski.

Diski mpya ni tupu, kwa hiyo utaiwekea mfumo wa PS4 kwa flashi. Flashi iwe FAT32 au exFAT. Tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, herufi kubwa zote, na humo weka PS4UPDATE.PUP kutoka tovuti ya PlayStation. Hapa ndipo wengi wanakwama: kuna faili mbili zenye jina hilohilo. Ya kusasisha ni karibu nusu ya ukubwa na haitafanya kazi kwenye diski tupu. Unayoitaka ni ya kusakinisha upya, zaidi ya GB 1. Mashine ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha pedi kwa waya, bonyeza PS, chagua namba 7 kwenye menyu, ya kusakinisha upya. Ikikuletea kosa SU-41333-4, haijaiona faili: kagua majina ya folda, halafu jaribu flashi nyingine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utaanza upya, kwa hiyo chomeka kwenye UPS ya VA 650. Slim hula karibu wati 80 ikiwa mchezoni. Itabeba na TV ndogo pia.

Swali: SSD ya M.2 niliyoitoa kwenye laptopu inaingia PS5?
*Msomaji, Singida*

Jibu: Kama ni PCIe (njia ambayo SSD hupitishia data) kizazi cha tatu, haikubaliki. Inatakiwa kizazi cha nne, kuanzia GB 250, kasi ya kusoma inayopendekezwa ni MB 5,500 kwa sekunde, na lazima iwe na bati la kupooza. Unene wote pamoja na bati usizidi milimita 11.25. Hiyo yako inunulie kasha la USB 3 uhifadhie gemu humo. Za PS4 zitacheza moja kwa moja kutoka kwenye kasha, za PS5 utalazimika kuzirudisha ndani kwanza.