Baga za Houston ukiwa safari ya kikazi: zipi uonje, zipi upite

Mkuu, maswali yako ni matatu: unakwenda Houston, Texas, kwenye mafunzo, unataka kujua kama baga za kule zina jipya lolote kwa mtu aliyezoea za Dar, kama mwenzako Muislamu kwenye msafara atapata cha kula, na kama mbebe unga. Mimi nipo kwenye vali na kompresa za gesi, kazi ambayo Texas inakupeleka utake usitake. Baga nimezila, mke wangu ananisema mpaka leo.

Kwanza zipite zile zenye majina unayoyajua tangu uko nyumbani. Siyo mbaya, ila zimetengenezwa zifanane kila nchi. Zinafanana kiasi kwamba tangu 1986 jarida la The Economist linatumia bei ya Big Mac, ile baga ya McDonald's, kulinganisha thamani ya sarafu za dunia. Sasa chakula cha kupimia dola na shilingi ndicho cha kukupandisha ndege saa ishirini?

Houston anza na Whataburger, kampuni ya migahawa ya baga. Imezaliwa Corpus Christi, hukohuko Texas, mwaka 1950, na ukiisema vibaya mbele ya wenyeji utaharibu urafiki. Mkate wake ni mpana, wa kushika kwa mikono miwili, na wanapaka haradali pale ambapo sisi tumezoea mayonezi. Siku ya kwanza utaiona chachu, siku ya pili utaelewa kwamba ndiyo inayokata mafuta ya nyama. Ukiagiza unapewa kibao cha plastiki cha rangi ya chungwa chenye namba, unakwenda kukaa, wanakuletea mezani. Matawi mengi hayafungi usiku, na hilo utalishukuru wiki ya kwanza, maana saa tisa usiku ya Houston, Dar inakaribia adhuhuri na tumbo lako halijui kama limesafiri.

In-N-Out ya California nayo siku hizi ipo Houston, tangu 2019. Orodha yao ni fupi sana: baga, chipsi, vinywaji, basi. Viazi vinakatwa palepale mbele yako. Agiza kwa kusema "Animal Style", hata kama hujaiona ubaoni. Nyama inapikwa na haradali, inawekewa vitunguu vilivyokaangwa na sosi ya ziada. Baga yao naipa maksi za juu. Chipsi zao hapana, zinapoa haraka na zikipoa zinakuwa kama karatasi.

Ila baga iliyonikalia kichwani haikuwa ya Texas. Kuna safari tulipelekwa Oklahoma kuangalia mitambo, na mwenyeji wetu akasema lazima tupite El Reno, mji mdogo magharibi ya Oklahoma City, kwenye ile barabara ya zamani ya Route 66. Pale wanapika baga ya vitunguu. Hadithi yake ni ya njaa: katika miaka ya 1920 na ule mdororo wa uchumi uliofuata, nyama ilikuwa ghali na vitunguu vya bei chee, wapishi wakawa wanaongeza vitunguu ili nyama ionekane nyingi. Hali ikatengemaa, watu wakakataa kurudi kwenye baga ya zamani. Mgahawa wa Robert's Grill upo pale tangu 1926.

Kaa kaunta, siyo mezani, uone kazi. Mpishi anatupa donge la nyama ya kusaga kwenye bamba la chuma lenye moto mkali, juu yake anarundika vitunguu vilivyokatwa vyembamba mpaka nyama haionekani. Halafu anakandamiza kwa mwiko wa chuma, kwa nguvu, vitunguu vinazama ndani ya nyama na kingo zinatawanyika. Haigusi mtu hapo mpaka kingo zigeuke kahawia. Akigeuza, vitunguu sasa ndiyo viko chini kwenye moto, vinaungua kidogo, vinatoa sukari yake. Anaweka jibini, anafunika na mkate palepale juu ya nyama ili unywe ule mvuke. Hakuna saladi, hakuna nyanya, na hutaziulizia. Kama ratiba yenu ina Oklahoma, omba gari. Kama haina, Houston kuna vibanda vinavyoiga mtindo huo, uliza wenyeji.

Jambo moja: kula palepale. Baga ukiifunga ukaipeleka hotelini, mkate unalowa, jibini inaganda, unabaki kulaumu Wamarekani bure.

Kuhusu Muislamu: nyama ya kampuni kubwa za Marekani si ya halali, na hata akiagiza samaki aulize kama inapikwa bamba moja na bekoni. Hata chipsi za McDonald's za Marekani zina kiungo cha ladha ya ng'ombe, watu wengi hawalijui hilo. Lakini Houston imejaa Wapakistani na Wahindi, mwambie aende mtaa wa Hillcroft, atapata baga za halali nzuri tu, na biriani akichoka.

Mkienda mgahawa wa kukaa, mhudumu atauliza nyama iive kiasi gani. Jibu: iive kabisa. Nyama ya kusaga siyo kama steki, bakteria wa juu wanakuwa wameshachanganywa mpaka ndani. Mwaka 1993 Marekani ilipata mlipuko wa bakteria wa E. koli uliotokana na baga ambazo hazikuiva vizuri, zaidi ya watu 700 waliugua na watoto wanne walifariki. Serikali yao inashauri nyuzi 71 za sentigredi katikati ya nyama. Aliyezoea mishikaki ya kuiva hatapoteza kitu.

Posho nayo. Bei ya ubaoni haina kodi, Houston wanaongeza asilimia 8.25 ukifika kulipa, kwa hiyo usimwone mtu wa kaunta mwizi. Kile kioo cha kulipia kinaweza kukuuliza bahashishi. Kwa chakula ulichojichukulia kaunta bonyeza hapana, hakuna atakayekununia. Soda chukua kikombe kidogo, sehemu nyingi unajaza tena bure.

Kuna mdau kaandika kwamba baga ni baga popote. Apite Mumbai. McDonald's waliingia India mwaka 1996 na hawauzi nyama ya ng'ombe wala nguruwe. Baga inayotoka sana ni ya viazi na njegere. Ila hata hiyo iache, vuka barabara ununue vada pav. Ni kachori, mkuu, ileile ya kwenye urojo wa Zanzibar, imevikwa unga wa dengu ikakaangwa, wameichomeka ndani ya mkate mdogo na chatine ya kitunguu saumu na pilipili nzima ya kukaanga pembeni. Unakula umesimama kituo cha treni, na kwa hela ya baga moja ya Houston unalisha kundi zima.

Unga sasa. Bebeni kiasi, ukiwa kwenye pakiti ya dukani haijafunguliwa, na mkifika forodha tangazeni kila chakula mlichobeba, hata kama ni kidogo. Nyama kavu na mishikaki ya safari msithubutu, wataichukua na kama mliificha kuna faini. Halafu ombeni kampuni iwawekee hoteli yenye jiko chumbani, maana sufuria na mwiko Houston mnanunua, ila jiko hamtalipata barazani.