Daftari la mama tulirekebishe au tuliache?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi msomaji wako wa hapa Mwanga, Kigoma. Mwaka 1996 vita ilivyoingia Uvira mama yangu na wenzake walijificha siku kadhaa kwenye stoo ya jirani kabla hawajapata boti ya kuvuka ziwa, na humo stoo alikuwa anaandika andika kwenye kauntabuku. Saivi anataka tumchapie wajukuu wasome, ila kwanza atoe pale alipomsema mama mkwe wake na yule jirani aliyekuwa anawabania chumvi. Nikamwambia sawa, hata Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alirekebisha shajara yake, basi mwenye steshenari akadakia eti ile ni feki, aliandika baba yake, kwanza imeandikwa kwa biki na enzi zile biki hazikuwepo. Mama kanyong'onyea, anasema kama ile wameiita uongo, yake je? Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, mama msalimie sana na mwambie asiache.

Tuanze na huyo wa steshenari manake maneno yake si mapya. Kwenye yale makaratasi vilikutwa vijikaratasi viwili vyenye maandishi ya biki, ila mwandiko si wa Anne, ni wa mtu aliyekuwa kwenye kazi ya kuyachunguza baada ya vita, basi watu wakakibeba hicho kibiki wakakifanya shajara nzima. Wataalamu wa Uholanzi walipima karatasi, gundi, wino na mwandiko, na mwaka 1986 wakachapisha matokeo pamoja na maandishi yote: mwandiko ni wa yule binti na vifaa ni vya enzi hizo. Tena habari ya kalamu yake kaiandika mwenyewe! Novemba 1943 anasimulia kalamu ya wino aliyopewa na bibi yake akiwa na miaka 9, ilivyojichanganya na maharage mabovu ikatupwa nayo kwenye jiko la moto, kesho yake kwenye majivu kikaonekana kile kibanio tu, nibu ya dhahabu haikupatikana.

Sasa hili la kurekebisha. Daftari la kwanza alipewa tarehe 12 Juni 1942 akitimiza miaka 13, na tarehe 6 Julai familia ikaingia mafichoni, nyuma ya ofisi ya baba yake pale Prinsengracht 263, Amsterdam, Wajerumani wameshaikalia nchi na Wayahudi wanakusanywa. Walifika watu 8 humo ndani, mlango umefichwa na kabati la mafaili, na mchana wafanyakazi wa chini wakiwepo hata maji ya choo hayavutwi. Halafu Machi 1944 wakasikia kwenye redio waziri wa Uholanzi, serikali yao ikiwa London, anasema vita ikiisha zitakusanywa barua na shajara za watu wa kawaida. Binti akachangamka, Mei akaanza kuandika upya kwenye karatasi za kuchomoka, anapunguza hapa anaongeza pale, na majina anabadilisha, wale kina van Pels waliojificha nao kawaita van Daan. Kwa hiyo mwenye mali ndiye aliyeanza kurekebisha.

Tarehe 4 Agosti 1944 wakakamatwa. Miep Gies na Bep Voskuijl, wale wa ofisini waliokuwa wanawasaidia, wakaokota makaratasi, Miep akayatia kwenye droo bila kuyasoma. Anne akafia kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa 1945, miaka 15. Kati ya wale 8 alirudi baba peke yake, Otto, akaunganisha maandishi ya kwanza na ya pili, akapunguza baadhi ya mambo yakiwemo yaliyomsema mkewe, akachapisha 1947. Kupunguza ndiko watu wanakokuita kuandika.

Ila kuna kitu kinaniuma. Madaftari ya mwanzo ya karibu mwaka mzima wa 1943 hayakupatikana kabisa, kimebaki kile alichoandika upya tu, yaani ule mwaka hatujui alivyoandika akiwa bado na hasira. Ndo maana nakwambia kauntabuku ya mama isichanwe wala isifutwe hata mstari. Mnunulieni mpya anakili humo, apunguze atakavyo na mama mkwe ampe jina lingine. Ila hiyo chumvi mimi ningeiacha, mpwa wangu! Kwa kina Frank mama mmoja alitoa mashuka yake kwenye kabati la wote akabakisha matatu, na akanuna sahani zake zikitumiwa, na ukisoma hapo unawaona kabisa wale watu walivyobanana.

Ile ya zamani ipigeni picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, alafu ikae pakavu, unyevu wa ziwa unaujua. Na pale wino ulipofifia, mama asije akashawishika kupitishia biki juu yake, yule wa steshenari atapata la kusema.