Wewe unayeanza saiti msimu wa joto

Mdogo wangu uliyeshuka juzi kutoka Njombe au Mafinga ukaanza kubeba zege Dar, wiki yako ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote. Nguvu unazo, ila mwili haujalizoea joto la huku. Unahitaji siku 7 hadi 14 hivi, mpaka jasho lianze kutoka mapema na kupoteza chumvi kidogo kuliko mwanzo. Mwambie nyapara kwamba u mgeni, akupangie saa chache za juani. Watakaokuita mvivu, waache waseme.

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la hapa hufika nyuzi 32 hivi, na aliyetoka Dodoma anaona ni kawaida. Tatizo ni unyevu wa bahari. Jasho hupoza pale linapokauka mwilini. Hapa hewa imeshashiba maji, jasho linadondoka tu. Unapoteza maji na hupoi. Damu inapungua, moyo unaenda mbio kuifikisha kwenye ngozi ili joto litoke, figo nazo zinabana mkojo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umeshachelewa. Usingoje kiu. Kunywa kikombe kila baada ya dakika 20, na chakula cha mama ntilie usikiruke, maana chumvi unayoitoa kwa jasho inarudi humo.

Kuna mwaka tulikuwa tunamwaga slabu Mbezi. Kijana mmoja, siku yake ya tatu, alikuwa anapokea makarai. Saa saba mchana nikamwambia, "Lete koleo." Akanijibu, "Ng'ombe wameshakunywa." Wenzake wakacheka, wakadhani kalewa. Karai lilikuwa limeinama, zege linamwagikia miguuni, naye hana habari. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto kama bati, na jasho bado linamtoka.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaambiwa aliyezidiwa na joto ngozi yake hukauka, kwa hiyo tukiona jasho tunatulia. Mtu wa kazi ngumu anaweza kupita nyuzi 40 akiwa amelowa chapachapa. Angalia akili yake: akipepesuka, akijibu ovyo, akigomba bila sababu, hicho ni kiharusi cha joto.

Mmoja wetu akakimbilia duka la dawa kuleta Panadol. Haifai kwa hili. Kwenye malaria ubongo wenyewe ndio unaopandisha joto, na dawa inalirudisha chini. Huyu joto limeshindwa kumtoka mwilini. Wengine tukahangaika kutafuta bajaji, na foleni ya Barabara ya Morogoro unaijua. Dakika zile zote kijana alikuwa anaendelea kuiva mbele yetu, na ndoo za maji zimejaa pembeni. Alipona, ila figo zilimsumbua muda mrefu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mpoze kwanza, hospitali ifuate. Mvute kivulini, mvue nguo, mmwagie maji ndoo kwa ndoo huku mwingine anampepea kwa boksi. Barafu ikipatikana, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Gari likifika, endeleeni kumlowesha njiani. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni.

Kwenye saiti ninazosimamia sasa kuna pipa moja kivulini ambalo halichotwi kuchanganyia zege. Siku yako ya kwanza, uliza liko wapi.