Kilwa hadi Pemba kwa tanga
Ndugu, umeuliza wewe na mkeo muanzie wapi kuzunguka visiwa kwa tanga bila haraka. Anzieni Kilwa mwezi Septemba, kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, ikianza kulegea: upepo mgongoni, na mkondo wa bahari nao huelekea kaskazini mwaka mzima. Kisiwa cha Mafia msipite mbio! Ghuba yake ya Chole imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, kwa hiyo lipieni kiingilio, msitie nanga juu ya matumbawe, kisha kaeni hata wiki. Mimi na mume wangu huko hupika samaki, hulala mchana, jioni tunapiga soga. Wakati wa bamvuo, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, maji hupwa karibu mita 4, basi pimeni kina kabla ya kulala. Unguja nunueni mahitaji tu; raha yenyewe iko Pemba, upande wa kisiwa kidogo cha Misali.