Kabla hamjalala kwenye kibanda cha wawindaji

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kulala kwenye kile kibanda cha magogo cha wawindaji wa zamani, milima ya Rocky huko Colorado. Mimi dubu hanitishi kama panya. Kinyesi na mkojo wa panya wa kule huweza kubeba virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu na vinaweza kuua, na ukivuta vumbi lake umevivuta. Kwa hiyo msiguse ufagio! Fungueni mlango na madirisha, mkae nje nusu saa. Kisha vaeni glavu, lowesheni kinyesi kwa jiki, sehemu 1 kwa maji 9, ngojeni dakika 5 ndipo mfute. Homa na maumivu ya misuli yakija hata wiki 8 baadaye, mwambieni daktari mlilala wapi. Na sakafu ikinesa mkiikanyaga, huenda mbao zimeoza, basi pigeni hema nje.