Damu ya sharubati na vichwa vya mpira: majibu ya maswali yenu

Haya wapenzi wa muvi, maswali yamejaa na leo nayajibu yale ya muvi za kutisha zinazochekesha, zile za hela kiduchu ambazo wengi walizipita zilipotoka ila kuna watu wachache walizing'ang'ania na mpaka leo hawajaziachia. Maswali nimeyafupisha kidogo, yaliyofanana nimeyaweka pamoja.

Kaka, kwanini nikae saa moja na nusu naangalia muvi ambayo hata mtoto anaona damu ni feki, wakati zipo za mamilioni ya dola?

Kwasababu kwenye hizi za hela kidogo unamwona mtu aliyeitengeneza, hilo ndo jibu langu fupi na ndo kitu kinachonivuta kuliko vyote. Chukua The Evil Dead ya 1981. Sam Raimi alianza kuipiga mwishoni mwa 1979 akiwa na miaka 20 tu, hela zilichangwachangwa kwa madaktari wa meno na wafanyabiashara wa kwao Michigan, wakaenda kujichimbia kwenye kibanda kibovu porini huko Tennessee, baridi kali, na bajeti ikaja kufika kama dola 375,000 ambayo kwa muvi ya Marekani ni hela ya mboga. Sasa walitaka pepo likimbie msituni limfuate mtu. Pepo lenyewe hawana, reli za kupitishia kamera hawana. Wakatafuta ubao, kamera wakaifunga katikati, mmoja akashika huku mwingine kule, wakatimka nao chinichini juu ya majani makavu. Ukiangalia unaona vichaka vinagawanyika, miti inapita kwa kasi, mlango unakujia, na ghafla unashtuka kwamba wewe uliyekaa kwenye kiti ndo pepo mwenyewe! Kuna mazimwi ya kompyuta yamekula mamilioni na hayajawahi kunitisha kama ule ubao.

Damu nayo ni sharubati nzito ya mahindi, rangi nyekundu ya chakula na unga wa krimu ya kuwekea kahawa ili isipitishe mwanga. Ni feki ndio, na inaonekana ni feki, lakini Bruce Campbell aliyekuwa stelingi alimwagiwa kweli, usiku wa kweli, kwenye baridi ya kweli, na hilo jicho linaliona hata kama mdomo hausemi.

Mimi sielewi inakuwaje mtu aogope na acheke kwa wakati mmoja. Si vinauana?

Haviuani, vinabebana. Fikiria mwili unavyofanya ukisubiri kitu kibaya kitokee: mabega yanapanda, pumzi inabanwa, unakodoa macho. Hiyo hali haiwezi kukaa milele, lazima itoke, na inatoka kwa yowe au kwa kicheko. Dairekta wa muvi za kutisha na dairekta wa vichekesho wote kazi yao ni moja, kujua sekunde gani aachie. Akiwahi umeboeka, akichelewa umeshabashiri.

Mfano ninaoupenda kupita yote ni Evil Dead II ya 1987, Raimi huyohuyo na Campbell huyohuyo. Jamaa yuko peke yake jikoni na mkono wake wa kulia umeingiwa na pepo. Unamshika nywele, unamvunjia sahani kichwani moja baada ya nyingine, unampigiza uso kwenye sinki, akizimia unatambaa peke yake sakafuni ukimburuza mwili mzima kwenda kuchukua kisu kikubwa cha kukatia nyama. Ikabidi aukate kwa msumeno wa mashine, na ukishakatwa unakimbia zake kama panya, unaingia kwenye tundu ukutani! Sasa ukitulia ukaliwaza hili jambo lenyewe, mtu kujikata mkono, ni jambo la kutisha vibaya mno. Na huyu Campbell anaigiza peke yake, hana wa kugombana naye, mkono ni wake mwenyewe na anatakiwa wewe uamini ni adui. Raimi alikua anawapenda sana wale wachekeshaji watatu wa zamani wa Marekani, The Three Stooges, waliokuwa wanapigana vibao na kutoboana macho, na pale jikoni ndipo unapoona alivyowasoma. Unacheka huku umeshika mkono wako.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema vichekesho vinapunguza makali ya kutisha. Mtu akishacheka analegea, na aliyelegea ndo rahisi kumshtua.

Napenda kuzijaribu ila damu nyingi inanishinda. Nianzie wapi dada mwenzenu?

Dada anza na What We Do in the Shadows ya 2014, ya New Zealand, mavampaya wanaishi pamoja nyumba moja mjini Wellington na wanagombana kikao kizima kisa mmoja hajaosha vyombo miaka mitano. Damu ipo kidogo ila utaivumilia. Ukiipenda nenda The Little Shop of Horrors ya 1960 ya Roger Corman, hii haina rangi kabisa kwahiyo hata damu ingekuwepo usingeijua, mmea wa duka la maua unaongea na unataka kulishwa watu. Corman aliipiga kwa siku mbili na usiku mmoja tu, na kuna kijana anatokea kidogo kama mgonjwa wa meno anayefurahia maumivu, huyo ndo Jack Nicholson kabla hajawa mtu.

Braindead ya 1992 usiiguse kwanza. Mwishoni jamaa anajifunga mashine ya kukatia nyasi kifuani na kuingia nayo sebuleni penye mazombi, basi nishasema inatosha.

Mkuu, mimi na washkaji tunataka kutengeneza yetu lakini hatuna hela. Inawezekana kweli au watu wanatudanganya?

Inawezekana na hili swali nitalijibu kwa kirefu maana ndo limenifurahisha kuliko yote.

Peter Jackson alianza Bad Taste mwaka 1983 akiwa kijana wa miaka 22 hivi, ameajiriwa kwenye gazeti, hana shule ya filamu. Waigizaji ni rafiki zake, wanapiga wikendi kwasababu siku za kazi kila mtu yuko kazini kwake, na hivyo hivyo wikendi kwa wikendi ikachukua kama miaka minne. Kamera yake ilikuwa ya kujaza kwa mkono, ukishaizungusha inapiga nusu dakika hivi inakata, na sauti haichukui. Kwahiyo muvi nzima ilibidi ikatwe vipande vifupivifupi na sauti zote zikaingizwa baadaye. Vinyago vya viumbe wa sayari nyingine alivioka kwenye oveni ya mama yake nyumbani, bunduki akaziunda mwenyewe. Watu wa kuigiza walikuwa hawatoshi, akajichezesha yeye nafasi mbili, mmoja ana ndevu mwingine hana, halafu akawapiganisha juu ya genge la bahari! Tazama hiyo sehemu kwa makini, mmoja anamning'iniza mwenzie kwa mguu, ni yeye na yeye, amepiga upande mmoja akaenda akabadilika akaja kupiga upande wa pili. Mwishoni shirika la filamu la serikali ya New Zealand lilipoona vipande likatoa hela ya kumalizia. Huyu ndo mtu ambaye baadaye muvi yake The Return of the King ya 2003 ilibeba Oska 11.

Nyingine ya kuiangalia kama somo ni One Cut of the Dead ya Japan, 2017, ya Shin'ichirō Ueda. Ilitumia yeni milioni 3, kama dola 25,000, waigizaji hawajulikani, na mwanzo wake ni dakika 37 kamera haijakatwa hata mara moja, halafu ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 25. Siwaambii inahusu nini zaidi ya kwamba kuna watu wanapiga muvi ya mazombi kwenye jengo lililotelekezwa, ila ukimaliza utajua kwanini kila mtu aliyewahi kushika kamera analia kwa furaha pale mwisho.

Sasa ushauri wenyewe. Anzeni na mlichonacho ndo muandike skripti, sio mnaandika skripti ya helikopta halafu mnaanza kuitafuta. Nyumba moja, usiku mmoja, watu watano, inatosha kabisa. Hela kidogo mliyonayo wekeni kwenye sauti, kwasababu mtu atavumilia picha yenye giza lakini maneno yasiposikika anafunga. Zimwi msilionyeshe mapema wala kwa muda mrefu, kinyago cha mpira kinatisha sekunde mbili, ya tatu mtu ameshaona gundi. Na mchekeshaji wenu asijue kwamba anachekesha, namaanisha kwenye muvi yule mtu anayefukuzwa na zombi aogope kama mtu anayefukuzwa na zombi, msimruhusu hata kidogo akonyeze kamera.

Halafu karatasi! Hili watu hawalisemi. Night of the Living Dead ya 1968 sio ya kuchekesha ila ndo mama wa mazombi yote haya, iligharimu kama dola 114,000, damu yake ni sharubati ya chokoleti maana haina rangi. Msambazaji alibadilisha jina la muvi dakika za mwisho na kwenye jina jipya lile tangazo la hakimiliki likasahaulika. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule basi, ikawa mali ya umma, yeyote akaiuza na kuionyesha anavyotaka na waliotoka jasho hawakupata walichostahili. Kwahiyo nyie washkaji kabla hamjagusa kamera kaeni chini muandikishane nani mwenye nini.

Kuna hizi za siku hizi zinatengenezwa mbovu makusudi, papa wanaruka kwenye kimbunga na kadhalika. Mbona hazinichekeshi kama zile za zamani?

Hauko peke yako. Hiyo ya papa, Sharknado ya 2013, mkiwa kundi mtacheka, sikatai, lakini rudia ukiwa peke yako uone. Tatizo ni kwamba aliyeitengeneza tayari ameshacheka kwa niaba yako. Ameamua kutojitahidi, na mtu asiyejitahidi huna cha kumshangilia.

Linganisha na Ed Wood na ile Plan 9 from Outer Space aliyoipiga miaka ya 50. Alikuwa na vipande vichache tu alivyompiga Bela Lugosi, yule muigizaji maarufu wa Dracula, Lugosi akafariki 1956. Wood hakukubali kuachia, akamchukua tabibu wa mgongo wa mkewe, mtu mrefu kuliko Lugosi na hafanani naye kwa lolote, akamwambia ajifunike uso kwa joho muvi nzima. Unacheka, huwezi kujizuia, lakini ndani ya kile kicheko kuna heshima, yule bwana alitaka muvi yake iishe na rafiki yake awepo ndani. Au Troll 2 ya 1990, ambayo haina troli (zimwi la hadithi za Ulaya) hata mmoja, dairekta Mwitaliano anawaongoza Wamarekani wa Utah na lugha haipandi vizuri, baba wa familia kwenye muvi ni daktari wa meno kabisa kwenye maisha yake. Yule mtoto aliyeigiza alipokua akatengeneza filamu ya ukweli kuhusu hayo yote, Best Worst Movie ya 2009, na humo unaona dairekta bado anaiamini kazi yake na anaumia watu wakiicheka. Iangalie kabla hujasema muvi fulani ni "mbovu mpaka inanoga". Mimi hiyo kauli siipendi. Kama kitu kimekukalisha kwenye kiti saa moja na nusu na umemaliza una furaha basi kuna kitu kimefanyika sawa mahali, kitafute.

Kwanini zikitoka zinafeli halafu baada ya miaka ndo zinapendwa?

Kwasababu zilikuwa zinakutana na watu wasiokuwa wa kwake. The Rocky Horror Picture Show ya 1975 ilidoda, ila 1976 ukumbi wa Waverly huko New York ukaanza kuionyesha saa sita usiku na watu wakaanza kuijibu kwa sauti, kuvaa kama wahusika, na haijaacha kuonyeshwa. Halafu zikaja kaseti za video miaka ya 80, kila mtu anaangalia nyumbani kwake na kumwazima jirani. Na kukatazwa nako kulisaidia, Uingereza waliiweka The Evil Dead kwenye orodha ya video za ukatili zilizoandamwa na mamlaka, vijana wote wakaitafuta. Kabla ya hapo Stephen King aliisifia hadharani 1982 ndo ikapata wa kuisambaza vizuri. Mwandishi mmoja aliyeipenda kwa dhati, basi.

Inayonishangaza mimi kuliko zote ni The Toxic Avenger ya 1984 ya kampuni ya Troma, msafisha sakafu dhaifu anaanguka kwenye pipa la taka za sumu, imejaa ukatili usioelezeka, na 1991 wakaigeuza katuni ya watoto, na midoli juu!

Mume wangu anasema ni ujinga mtupu. Nimshawishi vipi?

Usimbembeleze shemeji asichoke. Subiri siku watu wamejaa nyumbani maana hizi peke yako zinapoa, muwekee One Cut of the Dead bila kumwambia chochote, asisome popote wala asione trela. Zile dakika 37 za mwanzo atalalamika sana, atasema kamera inatingishika, yule muigizaji mbona kanyamaza ghafla, mbona yule katoka nje bila sababu. Mwache alalamike na ayakumbuke yote aliyolalamikia. Kazi yako ni moja tu, asinyanyuke.